Tundu Lilelile, Kazi Tofauti: Kuunganisha Laptopu na Skrini ya Nje

Umechomeka waya ncha zote mbili, na umeingia bila kulazimishwa. Skrini inawaka, inaandika kwamba haipokei ishara yoyote, kisha inazimika. Unachomoa, unapuliza ncha, unachomeka tena, yale yale. Hapo wengi wetu huhukumu kwamba waya ni mbovu au skrini ni mbovu, na mara nyingi huwa tunavisingizia vitu vizima kabisa.

Kosa ni kuliamini umbo la tundu. Zamani lilistahili kuaminiwa. Tundu la VGA, lile la pini 15 lililokuja na kompyuta za IBM mwaka 1987, lilikuwa la picha na basi. Ukiliona ubavuni mwa kompyuta ulijua papo hapo linafanya nini. Leo matundu mawili ya USB-C, yale madogo yenye ncha za duara, yanaweza kukaa jirani kwenye laptopu moja, yamefanana kama mapacha, moja likapitisha picha, umeme na mafaili, na pacha wake lisipitishe picha hata kidogo. Kwa nje huoni tofauti, labda kialama kidogo kilichochorwa pembeni, na wakati mwingine hata hicho hakipo.

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote, fuata njia ya picha tangu inapotoka mpaka inapofika: tundu la laptopu, waya, adapta kama ipo, tundu la skrini. Ni sawa na bomba la maji. Likibanwa mahali pamoja tu, maji yatakayotoka mwishoni ni yale yaliyoweza kupenya pale palipobanwa, hata kama sehemu nyingine zote ni pana.

Na bomba hili linapimika. Skrini ya HD kamili ina pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo. Ile ya 4K ina 3840 kwa 2160, yaani pikseli milioni 8.3 hivi, mara nne ya ile ya kwanza. Kila pikseli huelezwa kwa biti 24 za rangi, na picha nzima huchorwa upya mara 60 kila sekunde. Hizo ndizo hezi 60 zinazotajwa kwenye boksi. Ukizidisha yote hayo, HD kamili inahitaji gigabiti 3, yaani biti bilioni 3, kwa sekunde, na 4K inahitaji karibu gigabiti 12, kabla ya kuongeza nafasi ndogo zinazoachwa kati ya mstari na mstari na kati ya picha na picha.

Sasa tazama HDMI, lile tundu la picha na sauti lililozoeleka kwenye televisheni. Toleo la 1.4 la mwaka 2009 hubeba gigabiti 10.2, na katika hizo picha yenyewe hupata kama 8.2 tu. Picha ya 4K kwa hezi 60 haienei humo, kwa hiyo kompyuta hushusha mpaka hezi 30. Toleo la 2.0 la mwaka 2013 lilipanda hadi gigabiti 18, na 4K kwa hezi 60 ikapita. Toleo la 2.1 la mwaka 2017 lilifika gigabiti 48. Matoleo yote matatu yanatumia tundu lenye umbo moja. Ndiyo maana mtu huleta nyumbani skrini nzuri ya 4K, akaichomeka kwenye laptopu yenye umri wake, picha ikaja safi lakini mshale wa kipanya ukawa unakokota miguu. Skrini haina kosa. Inachorwa mara 30 badala ya 60, na jicho linaona.

Ukijikuta hapo, una njia mbili: kubaki na 4K kwa hezi 30, au kushuka hadi pikseli 2560 kwa 1440 kwa hezi 60, ambazo HDMI 1.4 inazimudu. Maandishi yatalegea kidogo kwa sababu pikseli hazigawanyiki sawasawa. Mimi huchagua hezi 60 bila kusita. Kuandika siku nzima huku mshale ukichelewa nyuma ya mkono kunachosha kuliko herufi zilizolegea. Ila anayekagua picha za mnato atachagua kinyume changu, naye atakuwa sahihi.

DisplayPort ni ndugu mwingine, aliyeletwa mwaka 2006 na VESA, jumuiya inayoweka viwango vya skrini. HDMI ilizaliwa kwa ajili ya televisheni, DisplayPort kwa ajili ya kompyuta. Tundu lake lina pembe moja iliyokatwa. Toleo lake la 1.2, la mwaka 2010, tayari liliweza 4K kwa hezi 60, miaka mitatu kabla ya HDMI kufika hapo. Kwa hiyo laptopu ya zamani kidogo ikiwa na matundu yote mawili, jaribu hili kwanza. Angalizo dogo: plagi nyingi za DisplayPort zina kitufe juu kinachoachia vijino viwili. Usipokibonyeza kabla ya kuvuta, unaweza kung’oa tundu zima.

USB-C ndiyo kitendawili

Hapa ndipo watu wanapopotea zaidi, nami nimo. Niliwahi kumaliza jioni nzima nikihangaika na skrini iliyokataa kuamka. Laptopu ilikuwa inapitisha picha kwa USB-C, nilijua kwa hakika. Skrini ilikuwa na tundu la USB-C. Waya ulikuwa mpya, mnene, umesukwa kwa nyuzi, wa kupendeza. Hata ulikuwa unaichaji laptopu vizuri. Ulikuwa waya wa chaja ya simu. Nilipouweka kando na kuchukua mwembamba uliokuja ndani ya boksi la skrini, picha ikaja kabla sijakaa kitini.

Sababu yake ni hii. Plagi ya USB-C ina nafasi ya pini 24, lakini si kila waya una nyuzi za kutosha kuzifikia zote. Waya wa kuchajia mara nyingi una nyuzi za umeme na jozi moja ya data ya kiwango cha USB 2.0, yenye kasi ya megabiti 480 kwa sekunde. Jozi nne za kasi kubwa, ambazo ndizo hupitisha picha, hazimo kabisa. Unene wake ni wa shaba ya umeme na ganda la nje. Kwa hiyo waya kuchaji si ushahidi kwamba utabeba picha.

Waya ukiwa kamili, bado tundu la laptopu lenyewe lazima liwe limeunganishwa na kichakato cha picha ndani. Wahandisi huita mpango huo hali mbadala ya DisplayPort: jozi za kasi zinaacha kubeba data ya USB na kuazimwa kwa ajili ya picha. Si kila mtengenezaji huuweka. Alama ya herufi D na P zilizoungana, au ya umeme wa radi ambayo huashiria Thunderbolt, teknolojia ya kasi inayotumia tundu hilohilo na kupitisha picha, ni habari njema. Kialama cha betri au plagi peke yake hakikuahidi picha. Pasipo alama, mwongozo wa modeli yako kamili ndio wa kuaminiwa, maana modeli mbili za jina moja zilizopishana mwaka mmoja zinaweza kutofautiana.

Kisha kuna vile visanduku vya kuongezea matundu, watu wanaviita habu au doki. Kimoja kinakupa HDMI, matundu ya USB, kisoma kadi, na pengine waya wa mtandao. Vyote hivyo vinakunywa kwenye chemchemi moja ya zile jozi nne. Ili matundu ya USB yaende kasi, habu nyingi huchukua jozi mbili kwa data na kuachia picha mbili zilizobaki. Laptopu ikiwa na DisplayPort 1.2 ndani, jozi mbili hazifikishi gigabiti 9 za picha, na tunarudi kulekule kwenye 4K ya hezi 30. Ikiwa na DisplayPort 1.4, jozi mbili hizohizo zinatosha kwa hezi 60. Kwa hiyo habu ileile itakuwa na hezi 30 kwa laptopu yako na 60 kwa ya mwenzako, na hakuna kati yenu anayesema uongo.

Raha ya USB-C huja vyote vikikubaliana: waya mmoja unaleta picha kwenye skrini na kurudisha umeme kwenye laptopu. Linganisha wati tu. Skrini inayotoa wati 65 itailisha laptopu ndogo bila taabu, lakini ile yenye kichakato cha kuchezea gemu, inayokuja na chaja nzito, itaendelea kula betri taratibu huku ikidai kwamba inachaji.

Adapta zina upande

Adapta nyingi hupitisha picha kwa kwenda tu, hazirudi nyuma. Waya wa DisplayPort kwenda HDMI hufanya kazi pale laptopu inapokuwa upande wa DisplayPort na skrini upande wa HDMI. Ukiugeuza, hakuna kitakachotokea, kwa sababu ni tundu la DisplayPort la laptopu linalojua kusema lugha ya HDMI. La HDMI halijui kusema ya DisplayPort. Kuna vigeuzi maalumu vya kwenda kinyume, na vingi huhitaji umeme wa pembeni.

VGA ni mbali zaidi. Ishara yake ni ya analogi, hivyo kuitoa kwenye HDMI kunahitaji kigeuzi chenye saketi ndani. Waya mtupu wenye HDMI ncha moja na VGA ncha ya pili, usio na saketi yoyote, ni pambo. Sauti nayo VGA haibebi.

Salamu kabla ya picha

Kila kitu kikiwa kimepatana, bado skrini inaweza kubaki nyeusi, na chanzo huwa ni mazungumzo ambayo hatuyaoni. Waya ukishachomekwa, skrini huipelekea kompyuta kadi yake ya utambulisho: jina, ukubwa, pikseli na hezi inazoweza. Kadi hiyo inaitwa EDID. Kompyuta huisoma, hupima uwezo wake, kisha huchagua picha ya kutuma. Adapta duni ikiivuruga, kompyuta hubahatisha, na ndipo unapopata picha kubwa ya kizamani kwenye skrini ya kisasa, au giza.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, zitoe zote mbili kwenye umeme, skrini kutoka ukutani na si kwa kitufe, ziache kama dakika moja, uziwashe upya. Mazungumzo yataanza mwanzo. Halafu kagua kama skrini inasikiliza tundu ulilotumia. Nyingi zina kitufe cha kuchagua chanzo, na skrini iliyowekwa HDMI 1 haitaona kitu kilichochomekwa HDMI 2. Hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo la kwanza kuuliza na ndilo jibu mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Kwenye Windows, kubonyeza pamoja Windows, Ctrl, Shift na B huamsha upya draiva ya picha, yaani programu inayoendesha kadi ya picha, bila kuzima kompyuta. Skrini itapepesa mara moja na kurudi.

Picha imekuja, sasa ipangie kazi

Windows na P kwa pamoja huleta chaguo nne: skrini ya kompyuta pekee, nakala kwenye zote mbili, kupanua, au skrini ya pili pekee. Nakala inafaa unapowaonyesha watu kitu. Kwa kazi ya kila siku chagua kupanua, na usiache nakala ikae kwa mazoea, kwa sababu inalazimisha skrini zote mbili kutumia kipimo ambacho zote zinakiweza. Skrini kubwa inavaa nguo ya ndogo. Kwenye Mac mambo haya yamo katika mipangilio ya mfumo, sehemu ya skrini. Kwenye Linux yenye GNOME au KDE, ambayo ni mazingira ya madirisha na menyu, vilevile.

Ukishapanua, fungua mipangilio ya skrini utaona visanduku vyenye namba. Vipange kama skrini zilivyokaa mezani kweli. Ikiwa skrini ya nje iko kushoto kwako na visanduku vinasema kulia, mshale utagonga ukuta kila ukitaka kuvuka. Kimo nacho kina maana: visanduku visipolingana juu na chini, mshale utapita sehemu fulani ya ukingo na kukwama sehemu nyingine, nawe utafikiri kipanya kimeharibika.

Kisha ukubwa wa maandishi. Skrini ya inchi 27 ya 4K ina pikseli kama 163 katika kila inchi, na ile ya inchi 24 ya HD kamili ina 92. Bila kukuza, herufi kwenye ya kwanza zitakuwa ndogo kama chungu. Weka asilimia 150 na uongeze au kupunguza kwa jicho lako. Usishushe idadi ya pikseli ili kukuza herufi. Hiyo ni kutupa ukali ulioulipia, wakati kukuza kwa asilimia kunachora herufi kubwa na bado kali. Programu chache za zamani zitaonekana na ukungu zinapohamishwa kati ya skrini zenye asilimia tofauti. Zifunge na kuzifungua upya kwenye skrini utakayozitumia.

Angalia na hezi, zimo katika mipangilio ya juu zaidi ya skrini. Wako wenye skrini za hezi 144 ambao kwa miezi wameziendesha kwa 60 kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba lazima uchague mwenyewe.

Anayetumia televisheni badala ya skrini ya kompyuta ana mitihani yake. Kingo za picha zinaweza kukatwa, menyu ya chini isionekane nzima. Hiyo ni tabia ya televisheni kuikuza picha kidogo, urithi wa enzi za vioo vya matumbo. Tafuta kwenye menyu ya televisheni yenyewe chaguo la kuonyesha picha kwa kipimo chake halisi. Maandishi ya rangi yakiwa na ukungu pembeni, huenda televisheni inabana taarifa za rangi. Hali ya kompyuta au ya gemu mara nyingi huondoa hilo. Na nyeusi ikionekana kama kijivu cha majivu, laptopu na televisheni hazijakubaliana rangi inaanzia namba gani: moja inahesabu kuanzia 0, nyingine kuanzia 16. Iweke sawa upande mmoja, ama kwenye programu ya kadi ya picha, ama kwenye televisheni.

Sauti ikipotea ghafla, haijaharibika. HDMI na DisplayPort hubeba sauti pia, na kompyuta huenda imeihamishia kwenye skrini isiyo na spika hata moja. Bofya alama ya spika, chagua spika za laptopu.

Ukitaka mbili

Skrini mbili za nje si suala la kuongeza waya tu, kwa sababu kichakato cha picha kina idadi ya skrini kinachoweza kuzihudumia, na hakuna habu ya kawaida inayoibadilisha. Mfano unaojulikana ni MacBook Air, laptopu nyepesi ya Apple. Zile zenye kichakato cha M1 na M2 hukubali skrini moja tu ya nje. Ya M3 hukubali mbili kwa sharti kifuniko kifungwe, na ya M4 hukubali mbili kikiwa wazi.

Kuna pia njia ya kupitisha skrini kadhaa katika tundu moja la DisplayPort, iitwayo MST. Windows inaijua. Kwenye macOS, habu ya aina hiyo huishia kuonyesha picha moja kwenye skrini zote mbili, na mnunuzi hudhani ameuziwa bovu.

Njia ya kupenya ni DisplayLink: programu unayoisakinisha huibana picha na kuituma kama data ya kawaida ya USB, kisha kipande ndani ya doki huifungua na kuikabidhi skrini. Inafanya kazi hata kwenye tundu lisilo na hali mbadala ya DisplayPort. Gharama yake ni jasho la kichakato na kuchelewa kidogo. Kwa barua pepe, majedwali na kurasa za intaneti hutaona kitu. Kwa gemu sithubutu kuipendekeza. Filamu zenye ulinzi wa hakimiliki nazo huweza kukataa kuonekana kupitia njia hiyo, hasa kwenye Mac.

Kufunga kifuniko

Wengi hutaka laptopu ifungwe na kuwekwa pembeni, wabaki na skrini kubwa, kibodi na kipanya. Windows kwa kawaida hulala kifuniko kikifungwa. Badilisha hilo kwenye mipangilio ya umeme, ukichagua isifanye kitu ikiwa kwenye chaja. Iache ilale ikiwa kwenye betri, la sivyo itakesha ndani ya begi na kujichemsha. Mac kwa kawaida hutaka iwe kwenye chaja na iwe na kibodi na kipanya vya nje, ndipo iendelee kufanya kazi ikiwa imefungwa.

Baadhi ya laptopu hupumulia kupitia kibodi, au hutoa hewa ya moto karibu na bawaba, na hizo zikifungwa feni hulia zaidi na kichakato hupunguza kasi kujilinda. Ukiisikia inavuma kwa kazi ndogo, ifungue iwe skrini ya pembeni ya barua na ujumbe. Skrini kubwa iweke mbele yako kabisa, umbali wa mkono ulionyooshwa, ukingo wake wa juu ukiwa usawa wa macho au chini kidogo. Nikisema mbele yako namaanisha ile unayoitazama zaidi. Mtu aliyeweka skrini mbili sawasawa kushoto na kulia, mpaka ukiwa katikati ya pua, hushinda siku nzima shingo ikiwa upande mmoja.